Kulinda rapa ya majira ya baridi dhidi ya sakitu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilizaliwa Ol Kalou, kule Nyandarua, ambako mtoto huijua sakitu kabla hajajua kusoma. Unaamka asubuhi moja ya Januari, nyasi ni nyeupe kana kwamba zimemwagiwa chumvi, na ikifika saa nne viazi vya mama vimeshakuwa vyeusi. Leo ni mwaka wa sita nafanya kazi kwenye shamba la nafaka na mbegu za mafuta Mecklenburg, kaskazini mashariki mwa Ujerumani. Vijana kutoka nyumbani wanaokuja huku kwa mafunzo ya kilimo huniuliza maswali yanayofanana, na wakulima wa Nyandarua na Timau nao huniuliza ya kwao. Nimeyaweka yote mahali pamoja. Mahali pengine sakitu huitwa jalidi. Ni kitu kile kile.

Rapa ni mmea gani hasa? Ndiyo hiyo kanola?

Rapa ni ndugu wa kabichi, sukuma wiki na haradali. Ukiiona ingali changa utadhani kuna mtu amepanda sukuma wiki kwenye hekta mia. Baadaye hutoa maua ya manjano, kisha maganda membamba yenye mbegu nyeusi ndogo ambazo asilimia 40 hadi 45 ya uzito wake ni mafuta.

Kanola ni jina lililotoka Kanada miaka ya 1970, likapewa aina za rapa ambazo mafuta yake yana asidi ya eruki, aina ya asidi ya mafuta isiyofaa kwa chakula ikizidi, chini ya asilimia 2 na mashudu yake hayadhuru mifugo. Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba alitoa aina ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1974, ikaitwa Tower, na Keith Downey alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo Saskatoon. Karibu rapa yote ya chakula inayopandwa Ulaya siku hizi ina sifa hizo, ingawa wakulima wa huku wanaendelea kuiita rapa tu.

Kwa nini ipandwe kabla ya baridi? Si ingengoja joto lirudi?

Kuna rapa ya masika (huku masika ni miezi ya joto kurudi, kuanzia Machi, si mvua za nyumbani), inayopandwa na kuvunwa mwaka huo huo, na kuna rapa ya majira ya baridi, ambayo hapa kwetu hupandwa Agosti na kuvunwa Julai mwaka unaofuata. Hii ya pili haitoi maua mpaka ipitie wiki kadhaa za baridi. Inakaa shambani karibu miezi 11, inashusha mzizi wake msimu wa vuli, yaani Septemba hadi Novemba, na joto linaporudi Machi inakuwa tayari iko mbioni. Ndiyo maana inazaa zaidi kuliko ya masika, na ndiyo maana Ujerumani nzima inapanda takribani hekta milioni 1 za rapa, nyingi mno zikiwa za aina hii.

Kwa hiyo baridi yenyewe tunaihitaji. Tunachokiogopa ni baridi inayokuja vibaya: ya ghafla, isiyo na theluji, au inayoukuta mmea haujajiandaa.

Sakitu huua mmea kwa njia gani?

Watu wengi hufikiri maji huganda ndani ya seli na kuipasua kama soda iliyosahauliwa kwenye friza. Hilo hutokea baridi ikishuka kwa kasi mno. Mara nyingi, hata hivyo, barafu huanzia nje ya seli, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo seli inavyozidi kunyauka. Mmea uliouawa na sakitu, kwa kweli, umekufa kwa kiu. Utando wa seli ukishararuka, barafu inapoyeyuka maji humwagika nje, jani hulegea na kulowa kama mboga iliyotoka kwenye sufuria, kisha hugeuka jeusi. Ndicho kilichokuwa kikivipata viazi vya mama kati ya alfajiri na saa nne.

Rapa, tofauti na kiazi, inajua kujikinga, lakini inahitaji muda. Joto likishuka taratibu hadi nyuzi 5 hivi na kubaki huko wiki mbili hadi nne, mmea hupunguza maji mwilini, huongeza sukari ndani ya seli na kuulainisha utando wake ili usikakamae. Majani hulala chini na kuikumbatia ardhi. Mwaka wangu wa kwanza, mzee mwenye shamba alichuma jani moja mapema Desemba, akaling'ata, akanipa kipande nami nionje. Lilikuwa tamu. Septemba nilikuwa nimeonja jani la shamba lilo hilo likawa kali kama haradali. Tangu hapo kila Desemba huwa naonja, na huwaambia wageni waonje pia. Utamu huo ndio sukari inayozuia maji yasigande upesi.

Sasa inavumilia nyuzi ngapi?

Ikiwa haijazoea baridi, nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri zinatosha kuiua. Ikiwa imezoea vizuri, ina afya na udongo haujatuama maji, huvumilia nyuzi 15 hadi 18 chini ya sifuri bila theluji, na chini ya theluji hupita hata baridi kali zaidi ya hapo.

Kumbuka tu kwamba kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa mita 2 juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, pale chini ulipo mmea panaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 3 hadi 5. Redio ikisema sifuri, kwako ni sakitu.

Mbona mnasema kazi ya kuzuia sakitu hufanywa Agosti?

Kwa sababu Januari hakuna cha kufanya. Ningeomba kila anayekuja huku kwa mafunzo alisome jibu hili mara mbili, maana nimewaona wengi wakianza kuhangaika wakati majani yameshakuwa meupe.

Rapa inapaswa kuingia katika baridi ikiwa na umbo maalumu. Iwe na majani 8 hadi 10. Shingo ya mzizi, pale mzizi unapokutana na shina usawa wa udongo, iwe na unene wa milimita 8 hadi 10, sawa na penseli nene. Mzizi mkuu uwe umeshuka wima sentimita 20 na kuendelea. Na la muhimu kuliko yote, moyo wa mmea, ile ncha ya katikati ambako majani mapya huzaliwa, usiwe umeinuka zaidi ya sentimita 2 au 3 kutoka ardhini.

Mmea mdogo, wenye majani manne na mzizi kama uzi, hauna akiba. Sakitu ikiuchoma majani, hauna sukari ya kuchipua tena. Mmea mkubwa mno nao uko hatarini, kwa sababu shina limeanza kurefuka na moyo umepanda juu, nje ya blanketi la majani na theluji, mahali baridi inapokata kama kisu. Huu mkubwa huwadanganya watu. Unapita barabarani Oktoba, shamba limefunga, kijani kitupu, magotini, na mwenyewe anajisifu. Mimi huwa namhurumia.

Umbo hilo hutokana na tarehe na nafasi. Mecklenburg tunapanda kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wake. Kusini zaidi au karibu na bahari ya magharibi, ambako vuli ni ndefu, wanaweza kuingia Septemba. Mbegu chotara tunaweka 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba, ambazo kwa uzito ni kama kilo 2 na robo tu kwa hekta. Wageni hawaamini: mbegu ya hekta nzima unaibeba kwenye mfuko mmoja mdogo! Lakini ukizidisha, mimea hubanana, kila mmoja hurefuka kutafuta jua, na mioyo yote huinuka.

Mbegu ikae kwenye kina cha sentimita 2 hivi, kwenye udongo laini ulioshikana, usio na rundo la mabua ya ngano. Mabua yakirundikana mahali pamoja, mmea huota juu ya mabua badala ya udongo, mzizi hupinda, na moyo hukaa juu. Tumewahi kupoteza vipande vya shamba kwa sababu hiyo tu. Kombaini ilikuwa imeacha mistari ya mabua ambayo hatukuyatawanya vizuri, na Machi mistari hiyo ilionekana wazi, mmoja umekufa, mwingine hai, kama kitambaa cha kikoi.

Chagua aina gani ya mbegu?

Tazama orodha ya aina za mbegu ya nchi uliyopo, usome alama ya kuvumilia baridi na ya kasi ya ukuaji wakati wa vuli. Ukipanda mapema, chagua aina isiyokimbia. Ukichelewa, chagua inayokua haraka. Zipo pia chotara fupi ambazo moyo wake hukaa karibu kabisa na ardhi. Hupandwa sana penye baridi kali.

Oktoba imefika na mimea imekuwa mikubwa mno. Kuna tiba?

Ipo, lakini ina wakati wake. Dawa fulani za ukungu za jamii ya triazoli, kama metkonazoli na tebukonazoli, pia huzuia shina kurefuka na kuupa mzizi nguvu. Hupuliziwa mmea ukiwa na majani manne hadi sita, joto likiwa bado linaruhusu mmea kukua. Ukingoja hadi shina liwe limeshapanda, dawa haitalirudisha chini. Fuata kipimo cha kibandiko na sheria za nchi yako, kwa kuwa ruhusa za dawa hizi hubadilika.

Zaidi ya hapo, usiongeze naitrojeni. Shamba lililopata samadi nyingi ya maji ya ng'ombe au nguruwe kabla ya kupanda ndilo linalokuwa kubwa kupita kiasi, na majani yake hujaa maji. Majani ya maji huganda mwanzo.

Basi mbolea gani husaidia?

Potasiamu husaidia mmea kutunza maji yake, na udongo wenye upungufu wake hutoa mimea inayochomwa upesi. Boroni watu huisahau. Rapa inaihitaji kuliko ngano, na ikikosekana mzizi huwa na uwazi ndani, shingo hupasuka, na ule ufa ndio mlango wa barafu na kuoza. Tunapulizia kidogo wakati wa vuli, pamoja na dawa niliyoitaja. Salfa hungoja masika.

Theluji ni rafiki au adui?

Rafiki, rafiki wa kweli. Theluji imejaa hewa, na hewa hiyo hufanya kazi ya blanketi. Hewa ya juu inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri huku shingo ya mzizi, chini ya theluji ya sentimita 10 hadi 15, ikibaki nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mkulima wa rapa anaona theluji ikianguka mkesha wa baridi kali na analala vizuri.

Isipokuwa theluji iliyoyeyuka nusu ikaganda tena. Hiyo hugeuka bamba la barafu, mmea hukosa pumzi chini yake, na baridi hupita moja kwa moja kwa kuwa barafu haina hewa ndani.

Je, tunaweza kufunika shamba, kumwagia maji au kuwasha moto?

Swali hili hutoka nyumbani, na ni swali la haki. Kinangop watu huchoma takataka usiku ili moshi ufunike viazi. Wenye mizabibu huku Ulaya huwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, na wenye matufaha hunyunyizia maji usiku kucha, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto kidogo linaloshikilia ua kwenye sifuri. Maji hayo yakikatika kabla ya jua kuyeyusha barafu, hasara huwa kubwa kuliko kama yasingewashwa.

Kwa hekta 80 za rapa hakuna pesa wala maji ya kufanya hivyo, na baridi ya wiki mbili haizimwi na moto wa usiku mmoja. Kitambaa chepesi cha kufunikia mboga kinafaa kwa kitalu. Hata moshi wa Kinangop husaidia kidogo mno: kinachopasha shamba ni joto la moto na kuchanganyika kwa hewa ya juu na ya chini, wala si ule moshi wenyewe.

Februari kumekuwa na joto kwa siku sita. Hatari imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi kuliko Januari. Kujizoesha baridi huchukua wiki. Kusahau huchukua siku. Joto likikaa karibu nyuzi 10 kwa siku kadhaa, mmea huamini masika yamefika, hutumia sukari yake na kuanza kunyonya maji. Baridi ikirudi hapo, mmea uliohimili nyuzi 15 chini ya sifuri mwezi uliopita unaweza kufa kwa 8. Unaweza kujizoesha tena, lakini si kikamilifu, na shina likishaanza kurefuka hauwezi tena.

Wakulima wa huku hawajasahau mwaka 2012. Desemba na Januari zilikuwa za joto, mimea ikaendelea kukua. Mwishoni mwa Januari baridi kali ikashuka kutoka mashariki na kukaa hadi katikati ya Februari, mahali pengi bila theluji. Poland, na sehemu za Ujerumani na Ufaransa, ngano na rapa zilikufa kwenye maeneo makubwa mno, na watu walilazimika kupanda upya mazao ya masika. Mashamba yaliyopona yalikuwa hasa yale yaliyopata theluji kidogo, na yale ambayo moyo wa mmea ulikuwa bado umelala chini.

Nilisikia mimea inaweza "kung'olewa" na baridi. Inawezekanaje?

Udongo wenye maji huvimba ukiganda. Ukiganda usiku na kuyeyuka mchana, siku baada ya siku, huinua mmea kidogo kidogo na kuikata mizizi myembamba, mpaka shingo inabaki hewani kama jino lililolegea. Sambamba na hilo kuna kiu ya baridi: jua la Machi linawaka, upepo wa mashariki unavuma, majani yanapoteza maji, na mizizi imekwama kwenye udongo uliogandamana kwa barafu, haiwezi kunyonya chochote. Mimea hunyauka huku imesimama juu ya maji.

Dawa ya yote mawili ni mifereji inayopitisha maji na udongo usioshindiliwa na matairi. Mahali palipotuama maji Novemba ndipo patakapokuwa na upara Aprili.

Na wadudu? Wanahusika vipi na sakitu?

Wanahusika sana. Kuna mbawakawa mdogo mweusi anayeruka kama kiroboto. Hula majani machanga Septemba, kisha mabuu yake hutoboa vikonyo vya majani na kukaa humo majira yote ya baridi. Tangu Umoja wa Ulaya uzuie mbegu za rapa kupakwa dawa za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi, kuanzia mwaka 2013, mdudu huyu ameongezeka mahali pengi, na Uingereza wakulima wengi wameacha rapa kwa ajili yake. Kila tundu la buu huingiza maji, maji huganda, kikonyo hupasuka. Shamba likifa usiku wa nyuzi 9 tu, pasua vikonyo kabla ya kuilaumu baridi.

Asubuhi ya sakitu, naweza kuingia na trekta?

Usiingie. Jani lililoganda huvunjika kama kioo, na alama za matairi utaziona hadi mavuno. Usipulizie dawa pia, kwa kuwa nta ya jani imeharibika na dawa itaunguza. Kuhusu mbolea, sheria ya Ujerumani hairuhusu kumwaga mbolea ya naitrojeni wala ya fosfeti kwenye udongo ulioganda, uliojaa maji au uliofunikwa na theluji, kwani maji yakiyeyuka huipeleka yote mtoni. Zamani watu walipenda kupita alfajiri ardhi ikiwa ngumu. Siku hizi tunangoja.

Majani yote yamekuwa kahawia. Nitajuaje kama mmea umekufa?

Majani hayakuambii kitu. Rapa inaweza kupoteza kila jani na bado ikazaa vizuri. Ngoja kwanza: baridi ikishapita na joto likirudi, mpe mmea siku 10 hadi 14. Nimewaona watu wakilima shamba hai kwa hofu ya wiki ya kwanza, na inauma kuona.

Kisha chukua kisu na ndoo ya maji. Tembea shamba lote kwa mshazari, ujizuie kuchagua sehemu mbaya peke yake, ung'oe mimea mitano hivi kila unaposimama. Ioshe. Ipasue kwa urefu kutoka moyoni hadi kwenye mzizi. Ndani kukiwa na rangi nyeupe au ya maziwa, nyama imekaza na kisu kinakwaruza kama kwenye kohlrabi au shina la kabichi, mmea u hai. Kukiwa na rangi ya kahawia, nyama imelegea na kuteleza, na kuna harufu ya kabichi iliyooza, umekufa. Kuna wa katikati: mzizi mweupe, moyo wa kahawia. Huo usiutupe. Moyo umekufa, lakini machipukizi ya pembeni yaliyo kwenye shingo yanaweza kuamka na kutoa mashina mawili au matatu. Tafuta pia nyuzi mpya nyeupe za mizizi. Ukiziona, mmea umeshaanza kazi.

Kama huna uhakika, chukua mimea 20 pamoja na udongo wake, iweke ndani kwenye joto na mwanga kwa wiki moja. Sisi huiweka dirishani, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Inayochipua inahesabika.

Mimea mingapi ikibaki inatosha?

Tunapenda 25 hadi 35 kwa mita ya mraba. Lakini 15 yenye afya, iliyosambaa sawasawa, hutoa mavuno ya kuridhisha, maana rapa hujaza nafasi kwa matawi. Hata 10 huachwa, mradi isiwe imekusanyika huku na huku ikiacha vipara vya kuota magugu.

Kabla ya kuamua kulima upya, angalia kwenye daftari ni dawa gani ya magugu uliyotumia. Kama ulitumia propizamidi majira ya baridi, shayiri ya masika haitaota vizuri mpaka upindue udongo kwa plau. Mahindi, mbaazi au alizeti zina masharti yake kwenye kibandiko. Na mwenye bima apige simu kabla plau haijagusa ardhi.

Sakitu ya Aprili, maua yakiwa yamefunguka, inaharibu kiasi gani?

Nyuzi 3 hadi 5 chini ya sifuri huua maua yaliyofunguka na vitumba vilivyo karibu kufunguka. Baadaye utaona pengo kwenye tawi: maganda chini, maganda juu, katikati vijiti vitupu. Lakini rapa huchanua wiki tatu hadi tano, na hulipia hasara kwa maua ya baadaye na matawi ya pembeni, kama ina maji na salfa ya kutosha. Mwishoni mwa Aprili 2017 baridi ilipiga mizabibu na matunda ya Ulaya kwa ukatili, na rapa ya wengi ilisimama tena.

Mashina yakiinama asubuhi kama shingo ya bata bukini, yaache. Mchana yatajinyoosha, pengine yakabaki na kikunjo. Yaliyopasuka ndiyo ya kufuatilia, kwa kuwa ukungu huingilia hapo.

Wanaopanda rapa ya masika, kama Kanada, wana shida gani?

Kinyume cha yetu. Wao hupanda Mei, na sakitu inaweza kukuta mche una majani mawili ya kwanza tu, moyo ukiwa wazi katikati yake. Ukifika majani matatu au manne, unakuwa mgumu zaidi. Kisha sakitu hurudi mwishoni mwa Agosti au Septemba, mbegu zikiwa hazijakauka. Hapo huzuia rangi ya kijani isivunjikevunjike ndani ya mbegu, na mafuta hutoka ya kijani, yanayoharibika upesi. Daraja la kwanza la Kanada haliruhusu mbegu za kijani kuzidi asilimia 2, kwa hiyo usiku mmoja unaweza kushusha bei ya shamba zima.

Niko Nyandarua, au Timau. Haya yananihusu?

Sehemu yake, ndiyo. Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kanola hulimwa kwa kupokezana na ngano na shayiri, ila hiyo si rapa ya majira ya baridi. Hatuna wiki nyingi mfululizo za nyuzi 5, kwa hiyo aina za baridi zikipandwa kwetu zitabaki majani bila maua. Usikubali kuuziwa.

Sakitu yetu pia ni ya namna nyingine: ya usiku mmoja, anga wazi, hewa imetulia, hasa Desemba hadi Februari. Mchana ni nyuzi 22, alfajiri ni chini ya sifuri, na mmea haupati nafasi ya kujizoesha. Ndiyo maana kwetu mahali pa kupanda ni muhimu kuliko aina. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa mama, kipande cha chini karibu na mto kiliungua karibu kila mwaka, na kile cha juu, hatua mia mbili tu kutoka pale, mara nyingi kilipona. Ua mnene wa miti chini ya mteremko huzuia hewa hiyo isitoke, kama bwawa. Fungua pengo ipite. Udongo wenye unyevu na usio na matandazo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo mwagilia mchana wa kuamkia usiku wa sakitu, na uondoe majani makavu kati ya mistari.

Ukitaka zao la mafuta huko juu, pima kwanza. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini, kifunge kwenye kijiti usawa wa goti, kimoja bondeni na kimoja mteremkoni, uandike kila asubuhi kuanzia Desemba hadi Machi. Alizeti huvumilia baridi kidogo ikiwa mche, lakini ikishatoa tumba haina ulinzi, kwa hiyo hesabu siku nyuma kutoka kwenye asubuhi zako mbaya. Kaka yangu alifanya hivyo mwaka juzi. Bondeni kipimajoto kilifika chini ya sifuri asubuhi tisa, mteremkoni mbili. Sasa bonde ni la nyasi za ng'ombe, na viazi vimehamia juu.